Kwa Nini Mfanyakazi Hukaa? Habari za Shituru na Kazi ya Shaba



Kila mwenyeji wa Likasi ajua Shituru. Hapo ndipo mawe ya shaba husagwa, yakalowekwa katika tindikali, kisha umeme ukapitishwa ndani ya maji yale hata shaba safi ikashika kwenye mabamba. Kazi hiyo ilianza mwaka 1929. Tangu siku hizo mababu, baba na wana wamepita katika mlango ule ule wa kiwanda, mmoja baada ya mwenzake.

Leo nataka tuulizane swali moja. Wakubwa wa kazi huuliza kila siku: Nifanyeje ili watu wangu wafanye kazi kwa moyo, wala wasiniache? Mwenye duka la mikate huliuliza swali hili, hata mwenye karakana ya useremala, hata paroko mwenye walinzi na wapishi. Wengi hudhani ni swali jipya. Lakini hapa kwetu liliulizwa zamani, likajibiwa kwa njia nyingi, na majibu yale yaligharimu pesa, jasho na damu. Tukiyajua tutapata akili.

Wafua shaba wa kale

Kabla ya Wazungu kufika, watu wa Katanga walijua kufua shaba. Walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha katika tanuri za udongo kwa makaa, wakatengeneza ile misalaba ya shaba iliyopelekwa mbali kwa biashara. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyeongoza Kanisa la Katanga tangu mwaka 1910, aliandika habari zao mwaka 1926, akawaita walaji wa shaba.

Kazi yao ilikuwa na majira. Walikwenda wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, chini ya fundi aliyejua siri za tanuri. Mvua ikikaribia walirudi mashambani. Fundi yule alikuwa mtu wao: walijua jina lake na ukoo wake, naye aliwajua. Sisemi ya kuwa mambo yote yalikuwa mazuri, maana machifu nao walijua kudai sehemu kubwa. Lakini mtu alijua anamfanyia nani kazi, na kwa nini, na lini itakwisha.

Watu wa miezi michache

Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa pale. Shaba ilikuwa nyingi, bali watu walikuwa wachache. Kwa hiyo mwaka ule ule wa 1910 kikaanzishwa chama cha kutafuta wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga. Watafutaji wakaenda vijijini, wakazungumza na machifu, wakarudi na misafara ya vijana. Wengine waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo.

Vijana hao walifanya mkataba wa miezi michache. Walikaa katika mabanda bila mke wala mama, wakala unga ambao tumbo halikuuzoea. Kukawa na ugonjwa wa mapafu, kuhara damu, na homa ya matumbo. Na mwaka 1918 ikaja ile homa kali ya mafua iliyopita dunia yote. Wengi walikufa. Walioponea walihesabu siku, na siku ya mwisho walikwenda zao. Wengine hawakungoja siku ya mwisho. Walitoroka usiku, ingawa sheria ilimruhusu mkubwa kumpeleka gerezani mtu aliyevunja mkataba.

Angalieni basi hesabu ya kampuni ilivyokuwa. Ililipa ili kumtafuta mtu, ikalipa ili kumsafirisha, ikamfundisha kazi, na alipoanza kuijua akaenda zake. Kisha ikaanza tena na mwingine. Ilikuwa kama kuchota maji kwa kikapu.

Mpango mpya

Katika miaka ya 1920 mambo matatu yaliifunga kampuni njia ya zamani. La kwanza, fedha ya Ubelgiji ilishuka thamani baada ya Vita vya Kwanza, na mtu wa Rhodesia aliyelipwa kwa fedha ya Kiingereza akawa wa gharama kubwa. Tena huko Rhodesia yenyewe migodi mikubwa ya shaba ilikuwa ikifunguliwa, ikawahitaji watu wake. La pili, serikali ya Kongo iliona vijiji vinabaki bila wanaume, ikaogopa, ikaweka mipaka kwa watafutaji. La tatu, kazi yenyewe ilibadilika. Kubeba mawe mtu hujifunza siku moja. Lakini kuangalia tindikali katika matangi ya Shituru, kujua lini bamba limeiva, kuepuka kuchomwa na kuepuka kuwachoma wengine, hayo si mafunzo ya siku moja. Kiwanda kama kile chahitaji mtu anayekaa.

Hapo ndipo kampuni ilipoanza mpango wa kuwatuliza watu mahali pamoja. Aliyeuongoza sana ni daktari, Léopold Mottoulle. Mkataba ukawa wa miaka mitatu. Mwanamume aliruhusiwa kuja na mkewe, hata akahimizwa. Na asiye na mke aliweza kusaidiwa mahari. Nyumba zikajengwa kambini badala ya mabanda. Kila juma mfanyakazi alipata poso: unga, nyama au samaki, mafuta, chumvi, na mke na watoto walikuwa na sehemu yao. Hospitali zikafunguliwa, na mahali pa kupima watoto wachanga. Shule za kambi zikakabidhiwa kwa wamisionari Wabenediktini. Watu kutoka Kasai, kutoka Lomami, kutoka Ruanda na Urundi, wakakutana katika njia moja, na watoto wao wakacheza pamoja kwa Kiswahili.

Tuseme kweli: mpango huo ulifaa. Vifo vilipungua sana. Watu waliongeza mkataba juu ya mkataba. Kufika miaka ya 1950 wafanyakazi wengi walikuwa na wake na watoto kambini, na wana wa kambi wakaingia kazini nyuma ya baba zao. Mahali pengine katika Afrika wakubwa walikuwa wakisema bado ya kuwa Mwafrika hawezi kukaa katika kazi ya kiwanda. Katanga ilikuwa imekwisha kuonyesha ya kuwa aweza, akipewa nyumba, chakula, mke wake na daktari.

Basi hilo ni jibu la kwanza kwa swali letu. Mfanyakazi hukaa pale anapoweza kuishi kama mtu mwenye jamaa. Ukimtaka mtu kwa mikono yake tu, mikono itaondoka.

Kilichokosekana

Lakini jibu hilo halikutosha.

Ilipokuja shida ya biashara ya dunia baada ya mwaka 1929, bei ya shaba ilianguka. Kampuni iliyokuwa imesema kaeni, sasa ikasema nendeni. Katika miaka michache zaidi ya nusu ya wafanyakazi Waafrika waliondolewa na kurudishwa makwao. Waliobaki wakajua ya kuwa nyumba si yao, wala kesho si yao.

Tena, katika kambi mkubwa aliamua yote. Mkuu wa kambi aliweza kumwuliza mfanyakazi habari za mgeni aliyelala kwake, na za ugomvi wa mke wake. Daktari Mottoulle mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1946 juu ya miaka ishirini ya mpango huo, alimfikiri Mwafrika kama mtoto anayehitaji mlezi mwema na mkali. Huu ndio ubaba wa kampuni. Baba alilisha, baba alitibu, baba alipiga. Kitu kimoja baba hakufanya: hakusikiliza.

Mwezi wa Desemba 1941 jambo hilo likaonekana wazi. Dunia ilikuwa vitani, na majeshi yalihitaji shaba. Kazi iliongezwa. Nguo na vitu vya dukani vilipanda bei, mshahara ukabaki nyuma. Wafanyakazi Wazungu walikuwa wamekwisha kuungana na kudai haki yao. Waafrika waliyaona hayo, wakauliza: Na sisi je?

Mgomo ulianza hapa hapa, Shituru na Panda, tarehe 3 na 4 Desemba. Watu hawakuvunja mitambo. Walikataa kuingia kazini, wakataka nyongeza. Askari wakaitwa, wakapiga bunduki, na watu wakafa. Habari ikafika Elisabethville. Tarehe 9 Desemba wafanyakazi walikusanyika katika uwanja wa mpira, na karani mmoja, Léonard Mpoyi, alisimama kusema kwa ajili yao. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alikuja na askari. Watu wakaamriwa watawanyike. Hawakutawanyika, maana walikuwa wakingoja jibu. Wakapigwa risasi. Mpoyi aliuawa, na makumi ya wengine pamoja naye. Hesabu yao haikupatana mpaka leo. Miaka mingi baadaye Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga, alichora picha ya siku ile, maana watu hawakuisahau.

Msomaji mwema, fikiri kidogo. Watu wale walikuwa na nyumba, poso na hospitali. Pengine walikula vizuri kuliko watu wengi wa nchi hii wakati ule. Kwa nini basi walisimama mbele ya bunduki? Kwa sababu mtu si tumbo tu. Alipokuwa na neno la kusema hapakuwa na mahali pa kulisema, wala mtu wa kulipokea. Mkubwa aliyejua uzito wa mtoto wake mchanga kwa gramu hakujua moyo wake yeye baba una nini.

Kanisa letu nalo lilikuwa ndani ya mambo hayo. Wamisionari walifundisha watoto wa kambi, na wengi wetu tunajua kusoma kwa sababu babu zetu walifundishwa pale. Tunawashukuru. Lakini shule ile ilikuwa sehemu ya mpango wa kampuni, na si rahisi kumkaripia mtu anayekujengea darasa. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alikuwa amekwisha kufundisha ya kuwa wafanyakazi wana haki ya kuungana katika vyama vyao, na ya kuwa ujira sharti umtoshe mtu kuishi. Barua ile ilikuwa na miaka hamsini kamili mwaka ule wa 1941. Yafaa tukumbuke hayo kwa unyenyekevu, si kwa kuwahukumu waliotutangulia, bali ili sisi tusinyamaze siku yetu ikifika.

Baada ya vita, mwaka 1946, sheria iliruhusu Waafrika kuwa na vyama vya wafanyakazi, kwa masharti mengi, na mabaraza ya wafanyakazi yakaanza katika makampuni. Yalikuwa na nguvu kidogo. Hata hivyo mlango ulifunguka, na ulifunguliwa na waliokufa.

Baba alipoanguka

Siku ya kwanza ya mwaka 1967 mali ya Union Minière ilipita mikononi mwa serikali ya Kongo. Jadotville, mji uliopewa jina hilo mwaka 1931, ulikuwa umekwisha kuitwa Likasi tena. Kampuni mpya ikaja kujulikana kwa jina la Gécamines. Wakubwa walibadilika rangi, bali desturi ya ubaba ilibaki: nyumba, poso, shule, hospitali. Watu walisema Gécamines ni baba na mama. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka.

Kisha vikaja vifo vya pole pole. Faida ilitumiwa kwa mambo mengine, mitambo ikazeeka bila vipuri. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi mkubwa wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka. Katika miaka ya 1992 na 1993 siasa mbaya iliwafukuza watu wa asili ya Kasai. Maelfu walilala katika stesheni ya Likasi wakingoja treni, wakiwa wametoka katika nyumba walizozaliwa. Kati yao walikuwamo mafundi wa miaka mingi. Kwa muda wa miaka michache kazi ya shaba ilishuka hata ikawa chini ya sehemu moja ya kumi ya zamani.

Mshahara ukachelewa mwezi, kisha miezi, kisha mwaka na zaidi. Poso ikakoma. Na hapa kuna jambo linalonigusa kila nikilifikiri: watu waliendelea kwenda kazini. Honi ilipolia walivaa kofia zao wakaenda, bila ujira. Wengine walitumaini malimbikizo, wengine waliogopa kupoteza nyumba. Lakini wengine walikwenda kwa sababu ile ilikuwa kazi yao, na hawakujua kuwa mtu mwingine. Mkubwa gani leo hatamani watu waaminifu namna hii? Na uaminifu ule ulilipwa nini? Katika miaka ya 2003 na 2004, kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa fedha ya kuondoka, na wengi walilalamika ya kuwa haikulingana na miaka yao. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliwaandikia kitabu mwaka 2001, nacho chaitwa kwa Kifaransa Wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo latosha.

Nani aliyelisha nyumba siku zile? Wanawake. Mama ambao kampuni iliwafundisha kushona na kupika, ikiwaita wake wa wafanyakazi tu, walikwenda kulima nje ya mji, wakauza makala, maandazi na samaki wakavu. Mpango wa zamani ulimhesabu mwanamke kama kamba ya kumfungia mume mahali pamoja. Siku ya taabu yeye ndiye aliyekuwa nguzo.

Tunajifunza nini

Siku hizi makampuni mapya yamekuja, na wengi wa vijana wetu hufanya kazi kwa mkataba mfupi, au kwa siku, chini ya mtu wa kati ambaye naye amepewa kazi na mwingine. Twaona ya kuwa gurudumu limezunguka: mtu wa miezi michache amerudi. Na wakubwa wameanza tena kulalamika ya kuwa watu hawakai. Wangesoma habari za Shituru wangejua sababu.

Lakini nisiwasemee wakubwa wa viwanda tu, maana wengi wao hawasomi gazeti letu. Nasema nawe, msomaji, uliye na kijana mmoja dukani, au binti wa kazi nyumbani, au mafundi watatu wa kujenga. Wewe pia ni mkubwa wa kazi. Mtu wako anakula wapi, analala wapi? Mshahara wake watoka siku uliyosema? Mtakatifu Yakobo atuonya ya kuwa ujira uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo humfikia Mungu. Ukikosa fedha mwezi huu, mwambie kabla ya siku yenyewe, wala usijifiche. Mtu huvumilia umaskini wa mkubwa wake. Uongo wake havumilii.

Akiwa na neno, umempa saa ya kulisema? Si lazima ukubali yote. Lakini asikilizwe, na akosoe bila kuogopa kufukuzwa. Bunduki za 1941 zilipigwa na watu walioliona swali kama uasi. Sisi hatuna bunduki, lakini tuna maneno makali na mlango wa kumfukuzia mtu, na mara nyingi tunavitumia kwa sababu ile ile.

Na jambo la mwisho: usijifanye baba yake. Ni mtu mzima, ana baba yake, na Baba yetu sote yuko mbinguni. Mfundishe kazi kamili, hata siri za kazi. Mwache aweke akiba. Mwandikie karatasi ya ushuhuda wa kazi yake. Utasema: Akijua yote ataniacha. Pengine ndiyo. Lakini anayekaa kwa sababu hana pa kwenda hakai kwako, amefungwa tu. Na siku utakapoanguka wewe, usimwangushe pamoja nawe.

Kitabu cha Ruthu chatuonyesha Boazi akifika shambani. Kabla ya kuuliza habari za mavuno aliwasalimu wavunaji kwa jina la Bwana, nao wakamwitikia. Kisha akaona mgeni mmoja kati yao, akauliza ni nani, akaamuru asisumbuliwe, akamkaribisha chakulani. Hakuwa mtakatifu wa ajabu, alikuwa mwenye shamba. Ila alikuwa na macho.

Kwa agizo la Papa Pius XII la mwaka 1955, Kanisa huadhimisha Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi kila tarehe 1 Mei. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II alikumbusha katika Laborem Exercens ya kuwa kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Siku hiyo ya Mei, tukiwa kanisani, tuwaombee waliokufa Shituru, Panda na Lubumbashi mwezi wa Desemba 1941, na wazee wetu waliokwenda kazini bila ujira. Kisha, tukitoka, kila mmoja amwulize yule anayemfanyia kazi: Ndugu, una neno? Naye akae kimya, asikilize.